Suti Iliyoondoka na Mtu Ndani Yake

Shughuli yoyote yenye heshima huweka shukrani mwishoni, baada ya hotuba, watu wakiwa wamekwishaanza kutazama mlango. Hapa tutaanza nazo, kwa sababu mmoja wa wanaostahili kushukuriwa ni Bi Redio, na Bi Redio hajawahi kusubiri zamu yake katika jambo lolote. Basi ashukuriwe Bi Redio, mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliuogopa, na ambao siku moja ulifika mahali ambapo miguu ya watu isingewahi kufika. Wapo wengine wa kushukuriwa. Hao watulie kidogo.

Habari yenyewe ni ya nyumba ya dobi. Mbele palikuwa na kaunta ya mbao na pazia. Nyuma ya pazia palikuwa na chumba cha pasi, nyuma yake chumba kingine kidogo, na nyuma ya vyote ua wa kuanikia. Mama Dobi alifua. Mumewe, aliyeitwa Mzee Pasi, alipiga pasi, na miaka ya kusimama katika mvuke ilikuwa imemzoesha kufunga mdomo. Binti yao alipokea nguo na kuzipeleka kwa wenyewe. Nyumba ile ilikuwa na sifa moja, ambayo Mama Dobi aliitaja kwa kila mteja kama mtu anayetaja cheo chake: hapajawahi kupotea kitu. Hata soksi.

Sifa hiyo ilisimama juu ya alama. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake, ulioshonwa ndani ya kola au kwenye pindo, mahali ambapo mwenye nguo haangalii lakini dobi anaangalia. Daktari wa meno alikuwa mwekundu. Muuza nyama alikuwa wa kijani, ingawa aliomba nyekundu na kununa aliponyimwa. Mwalimu Mkuu mstaafu alikuwa wa zambarau, rangi ambayo hakupewa mtu mwingine yeyote, maana Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kuchanganywa na watu.

Alama hizo zilishonwa na mfanyakazi wa nne wa nyumba ile, ambaye, kwa mujibu wa taarifa rasmi, alikuwa ng'ambo.

Huyo alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikuwa amerudi kutoka chuoni kabla ya wakati, akiwa na masikio yanayosikia maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Mama Dobi alimwingiza katika chumba kidogo, akatoka mbele, na mteja wa kwanza alipouliza habari za kijana, akajibu kwamba amepata kazi ng'ambo. Ulikuwa uongo wa dharura, wa kusukuma siku. Lakini mtaa uliupokea kwa furaha, ukaulisha, ukaukuza. Kijana akaanza kuitwa "yule wa Ng'ambo", kisha Ng'ambo tu. Watu wakamtumia salamu. Mama Dobi akalazimika kuzirudisha, na salamu zisizo na zawadi zilipoanza kutiliwa shaka, akalazimika kurudisha na zawadi. Bi Redio alipata sabuni yenye harufu ya maua. Muuza nyama alipata kofia. Mtumaji mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, akishona alama na kuwajibu watu wake wa masikioni kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mwenyeji mwenye wageni wasiojua kuaga.

Hospitali ilikuwepo. Ilikuwa na jengo la wagonjwa wa aina hiyo, lenye geti la kijani, na mtaani ukitaka kumtukana mtu ulimwambia tu kwamba geti la kijani linamwita. Mzee Pasi alishawahi kusema, pasi ikiwa mkononi, kwamba labda wampeleke kijana. Mama Dobi akamuuliza wampeleke nani, wakati mtu yuko ng'ambo. Mzee Pasi akaendelea na kola.

Jua alipewa asubuhi, kabla kaunta haijafunguliwa. Mama Dobi alianika shuka kwenye kamba mbili zinazotazamana, na katikati ya kuta hizo nyeupe kijana alitembea huku na huku, mikono nyuma, kama mkaguzi wa elimu. Jirani yeyote aliyechungulia aliona shuka. Zikikauka, anarudi ndani.

*

Asubuhi tunayoizungumzia, Mama Dobi alikwenda kumwita akakuta shuka peke yake. Mlango mdogo wa ua, ule wa kumwagia maji machafu, ulikuwa wazi. Aliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, sindano imechomekwa kwenye kimto chake, kandambili zimepangwa chini ya kitanda. Katika chumba cha pasi, kwenye msumari wa nguo zilizo tayari, palining'inia hanga tupu. Suti ya kijivu ya Mwalimu Mkuu ilikuwa imeondoka.

Mzee Pasi alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu, kama kijana amevaa viatu. Binti akainua kandambili, akamwonyesha. Baba akazichukua, akazitia katika mfuko wa koti lake, moja kila upande.

Wakatoka kutafuta kwa namna ambayo nyumba ile peke yake ingeweza kuibuni. Binti aliweka kapu la nguo begani ili aonekane anapeleka oda, akawa anapita mitaa akisalimia watu na kuchungulia nyuma ya migongo yao. Mzee Pasi alijifanya ananyoosha mgongo. Alinyoosha mgongo hadi sokoni, akanyoosha hadi darajani, na kila aliyemwona alimpa pole ya kiuno. Mama Dobi alibaki kwenye kaunta, kwa sababu kaunta iliyofungwa ingezua maswali, na maswali ndiyo kitu ambacho alikuwa amekikimbia miaka yote.

Maswali yalikuja yenyewe, yamevaa kaptura. Mwalimu Mkuu alifika kuchukua suti yake. Mchana huo walimu wastaafu walikuwa na kikao cha kumchagua mwenyekiti, na yeye aliamini kwamba mwenyekiti huchaguliwa kwanza na mabega ya koti. Nyuma yake aliingia Bi Redio na furushi la mapazia.

Mama Dobi alisema suti bado iko kwenye pasi. Mwalimu Mkuu akasema jana aliambiwa iko tayari. Mama Dobi akasema kola ilihitaji kurudiwa. Mwalimu Mkuu akasema kola ataivaa hivyo hivyo, yeye si mtu wa makuu, na akanyoosha mkono kusogeza pazia. Mama Dobi akaushika mkono ule. Hakuwahi kumshika mteja. Bi Redio aliteremsha furushi lake sakafuni polepole, kama mtu anayejiandaa kwa jambo refu.

"Imeibwa," alisema Mama Dobi.

Neno lilitoka bila kuombwa. Mwalimu Mkuu aliutoa mkono wake, akalitazama pazia, akaitazama kaunta.

"Imeibwa hapa?" aliuliza. "Hapa pasipopotea soksi?"

Hilo lilimchoma mahali pake, lakini Mama Dobi hakuwa na nafasi ya kuumia, kwa sababu katika aibu ile alipata wazo, na wazo lilimjia likiwa zuri kabisa. Macho yake yalikuwa mawili. Bi Redio alikuwa na macho ya mtaa mzima. Akafuta mikono kwenye aproni, akaanza kueleza kwa makini kuliko shahidi yeyote aliyewahi kusimama mahakamani. Suti ya kijivu, vifungo vyeusi, uzi wa zambarau ndani ya kola. Aliyeivaa ni mtu mrefu, mwembamba, hana viatu, anatembea mikono nyuma.

"Kumbe ulimwona?" Bi Redio aliuliza.

"Nilimwona mgongo. Na mkimpata asiguswe. Mniite mimi."

"Mwizi asiguswe?"

"Suti isije ikachanika, dada yangu."

Bi Redio aliona kwamba maelezo yote yalikuwa mazuri isipokuwa hayo ya mwisho, ambayo hayakuwa na ladha. Akayaacha pale pale kwenye kaunta, akatoka na mengine.

*

Mtaa ule ulikuwa na kundi lake la simu, lililoanzishwa kwa ajili ya usafi wa mitaro. Mitaro haikuwahi kujadiliwa humo. Bi Redio alituma ujumbe wa sauti, na kabla hajafika kwake mwizi alikuwa ameshakuwa wawili. Baadaye kidogo likawa genge linalovaa suti ili watu walifungulie milango. Fundi baiskeli alikumbuka pampu yake iliyopotea. Mwenye kuku alikumbuka kuku. Mtu mmoja alikumbuka simu aliyoisahau kwenye basi katika mji mwingine kabisa, nayo ikaongezwa. Suti moja ikavalishwa hasara zote za mtaa.

Nyuma ya kaunta, Mama Dobi alizisikia sauti za watu wakiitana barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikaa chini. Mtaa wote ulikuwa unamtafuta mwanawe na haukujua. Aliwashukuru moyoni mmoja mmoja. Aliona ameweza.

Mzee Pasi alirudi akiwa ameacha kunyoosha mgongo. Alikuwa amepita kwa kinyozi, amewakuta vijana wamekaa wakingoja, si kunyolewa. Muuza nyama alikuwa amefunga bucha. Mzee alifunga mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana.

"Mama watoto, wanatafuta mwizi."

"Ndiyo, waache watafute. Wakimwona wataniita."

"Hujanisikia. Wanatafuta mwizi. Hawamtafuti mtoto wetu." Akazitoa kandambili mfukoni, akaziweka juu ya kaunta. "Wana mipini ya majembe."

Mama Dobi alizitazama kandambili. Wakati huo binti aliingia kwa mlango wa nyuma bila kapu. Alikuwa amelitupa njiani, na nguo za daktari wa meno zikiwa ndani yake. Alisema Kaka ameonwa nyuma ya uwanja wa mpira, na watu wanakimbilia huko. Alisema amejaribu kuwaambia wamwache, wakamuuliza anamjua, naye akasema hapana. Alipolisema hilo alianza kulia, akafuta uso kwa nguvu kama mtu anayesugua doa.

"Nenda na baba yako," Mama Dobi alisema. "Kimbieni. Msibebe kitu."

Yeye hakukimbilia uwanjani. Alijua miguu yake. Aliondoka na aproni yake iliyolowa, akavuka barabara, akaingia kwa Bi Redio bila hodi.

*

Bi Redio alikuwa amekaa kitandani, simu mkononi na nyingine kwenye chaji, akiendesha shughuli. Alipomwona Mama Dobi alimpa habari njema kwamba mwizi anakaribia kukamatwa.

"Si mwizi," Mama Dobi alisema. "Ni mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Ng'ambo."

Bi Redio alicheka kidogo, kwa heshima, kama mtu anayemsaidia mwenzake kumaliza mzaha. Mama Dobi hakucheka. Akasema kijana hajawahi kwenda popote, ni mgonjwa wa akili, amekuwa nyuma ya pazia siku zote, na suti ameivaa yeye. Aliyasema hayo amesimama mlangoni, maji ya aproni yakidondoka sakafuni kwa watu. Akaongeza, maana alishaona hakuna cha kubakiza, kwamba hata ile sabuni aliinunua hapo sokoni.

"Sabuni nilijua," alisema Bi Redio. "Ilikuwa na bei ya hapa chini yake."

Katika maisha yake yote, Bi Redio alikuwa hajawahi kukaa na jambo bila kulisema, na jambo hilo la sabuni alikuwa amekaa nalo. Hapa ndipo shukrani yake ya kwanza inapoingia, ingawa watu wengi humshukuru kwa ile ya pili tu.

"Tangaza, dada yangu," Mama Dobi alisema. "Tangaza kama unavyotangaza mengine. Sema jina la nyumba yangu. Sema ugonjwa wake."

"Nikishalisema hilo halirudi."

"Lisirudi."

Bi Redio aliinua simu, akavuta pumzi, na sauti yake iliyozoea kuongeza chumvi safari hii haikuongeza hata chembe. Alisema aliyevaa suti ya kijivu si mwizi. Alisema ni Ng'ambo, mtoto wa Mama Dobi, anaumwa akili, amepotea tangu asubuhi, mama yake yuko hapa analia. Mama Dobi hakuwa analia bado, lakini aliposikia hivyo akaanza. Bi Redio akaendelea kwamba atakayemgusa ataanza na yeye, na kila mtu humo ndani anajua yeye anayajua yapi ya nani. Kisha akautuma ujumbe, akautuma tena, akampigia mmoja mmoja.

Majibu yalianza kuingia kabla hajavaa viatu. Mmoja aliuliza kama si uongo wa kumwokoa mwizi. Mwingine akasema ndiyo maana nyumba ile inapata wateja sana, wamemtoa mtoto kafara. Mwingine alitaka kujua waliomfungia ndani wanashtakiwa lini. Mwingine aliandika tu kwamba geti la kijani linawaita wote, akaweka kicheko. Bi Redio aliyasoma yote, akamficha mwenzake kioo cha simu, akamshika mkono, na wanawake hao wawili ambao hawakuwahi kutembea pamoja wakaenda barabarani wakikimbia kwa namna ya watu ambao hawajakimbia tangu shule.

*

Ng'ambo hakuwa uwanjani. Alikuwa ameupita uwanja, na kama kuna mtu angejiuliza anaelekea wapi badala ya anakimbia nini, angempata mapema. Jana yake alimsikia mama akisema kwamba suti ya Mwalimu Mkuu lazima imfikie. Watu wake wa masikioni walilirudia neno hilo usiku mzima. Basi asubuhi aliamka kuifikisha. Aliivaa kwa sababu ndiyo njia ya kubeba suti bila kuikunja, kama dobi yeyote anavyojua ingawa hathubutu. Na aliipeleka pale ambapo Mwalimu Mkuu alikuwa akipatikana siku zote alipokuwa mwanafunzi wake, yaani ofisini. Hakuna aliyemwambia kwamba Mwalimu Mkuu amestaafu. Habari hazifiki haraka ng'ambo.

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Aliketi kwenye benchi la nje ya ofisi, lile ambalo wanafunzi hukaa wakingoja kuchapwa, akaweka mikono magotini ili asikunje koti, akangoja. Hapo ndipo walipomkuta.

Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa kwa urefu, na waliokuwepo wangeshukuru yasielezwe kabisa. Muuza nyama ndiye aliyepiga wa kwanza. Wa pili na wa tatu hawajulikani, maana kila aliyekuwepo husema alikuwa wa nyuma. Kijana hakukimbia. Aliinua mkono wa kulia kukinga, akaukinga uso wa koti badala ya uso wake, na mpini ukashuka juu ya vidole.

Mwalimu Mkuu alifika na kundi la pili. Tusimtukuze kupita kiasi: alikuja kwa hasira, kuchukua suti yake, na njiani alikuwa amewatia moyo vijana watembee haraka. Alipenya katikati ya watu. Mtu aliyekuwa chini aliinua uso wenye damu, akamtazama, akajaribu kusimama kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Suti yako hii."

Mwalimu Mkuu aliutazama uso ule, akaufuta miaka na damu, akamkuta mvulana wa safu ya mbele aliyekuwa akichonga penseli za darasa zima. Alijua vizuri, kama mtaa wote, kwamba mvulana yule yuko ng'ambo. Mpini mwingine ulikuwa juu.

"Kaeni chini!"

Haikuwa sauti ya mstaafu. Ilikuwa sauti ya gwaride, ile ambayo vizazi vizima vya mtaa ule vilikua vikiisikia kila Jumatatu, na nusu ya waliosimama pale walikuwa wamefundishwa naye. Muuza nyama alikaa. Fundi baiskeli alikaa, pampu yake ikasahaulika. Wanaume wenye ndevu na watoto wao nyumbani walikaa kwenye vumbi mbele ya ofisi, wengine wamekunja miguu. Ambao hawakusoma shule ile walibaki wamesimama, wakaona aibu kuwa peke yao, wakakaa nao. Na katika kimya hicho simu zilianza kulia mifukoni mwao, na kila aliyebonyeza alimtoa Bi Redio, hata uwanja wa shule ukajaa Bi Redio wengi, kila mmoja akianza kwa wakati wake, wote wakisema jambo lile lile.

Mzee Pasi na binti walifika wakati huo. Baba alipiga magoti, akamvisha mwanawe kandambili, ya kushoto kisha ya kulia, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa limebaki. Binti alimwambia kila aliyekuwa karibu, hata wale ambao hawakumuuliza, kwamba anamjua, ni kaka yake, anamjua. Mama Dobi alikuja mwisho, akishikiliwa na Bi Redio, hana pumzi. Watu waliokaa walimpisha kwa kusogeza magoti.

Pale kwenye kaunta yake, mtu akitaka kuchukua kitu alikuwa na neno moja la kusema. Mama Dobi alikuwa amelisikia kutoka kwa wengine maisha yake yote.

"Huyu ni wangu," alisema.

*

Geti la kijani, ukilikaribia, lina kutu. Waliingia mchana, wakionekana na kila mtu, kwa gari la muuza nyama, ambaye aliendesha bila kutazama kioo cha nyuma. Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, na jino moja halikupatikana. Kisha akauliza ule ugonjwa mwingine ulianza lini, na Mama Dobi akamwambia kweli, akainamisha kichwa kungoja kukemewa. Alikuwa ameyatayarisha maneno yote ambayo angeambiwa, na yalikuwa makali kuliko ya mtu yeyote.

"Mmemleta," daktari alisema. "Tuanzie hapo."

Huyo pia ashukuriwe.

Mtaa ulisema ulichosema. Wateja wengine waliondoa nguo zao, wakiogopa ugonjwa usije ukapita kwenye uzi, na waliondoka na kila walichokileta, hata soksi. Wengine walikuja na shati moja lisilo chafu ili wachungulie nyuma ya pazia. Daktari wa meno alipata nguo zake zilizotupwa njiani zikiwa na tope, na alipoombwa radhi akasema kwa mara ya kwanza ameamini kwamba hii ni nyumba ya dobi wa kawaida. Walimu wastaafu walimchagua mwalimu wa hesabu. Muuza nyama alirudisha kofia. Aliiweka juu ya kaunta, akasema hastahili kuivaa, akasimama kama mtu asiyejua mlango uko wapi. Mzee Pasi aliichukua, akaenda nayo nyuma, akaipiga pasi vizuri mpaka ukingo, akamrudishia. Hakuna anayeweza kudai kwamba walisameheana, lakini kofia anaivaa.

Suti ilifuliwa mara nyingi. Damu ilitoka. Bega lililochanika lilishonwa, na Mama Dobi alipoipeleka kwa Mwalimu Mkuu pale hospitalini, aliyekuwa amekuja kumtazama mwanafunzi wake, alimwambia hawezi kumwangalia usoni. Mwalimu Mkuu akasema hilo si tatizo, aangalie bega, ndilo lenye kazi nzuri.

Siku hiyo muuguzi alikuwa ameomba nguo za mgonjwa ziwekwe alama, kwa sababu wodini nguo hupotea. Mama Dobi aliumia kitaaluma. Akatoa sindano yake pale pale. Lakini uzi wa rangi gani? Nguo za nyumbani kwake hazikuwahi kushonwa alama. Mtu asiyekuwepo hakuhitaji rangi.

Alimuuliza kijana mwenyewe, ambaye dawa zilikuwa zimemfanya aseme polepole na kusikiliza polepole pia. Wageni wake walikuwa hawajaondoka wote, lakini walikuwa wameanza kuaga. Alifikiri. Nyekundu ni ya daktari wa meno, alisema. Kijani ni ya muuza nyama. Bluu ni ya mwenye duka la vitabu. Akazitaja zote kwa mpangilio, mkono wa bandeji ukigonga godoro, akafika mwisho.

"Zimeisha, mama."

Mama Dobi alibaki na sindano hewani.

"Mpeni zambarau," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hiyo yako, mwalimu," kijana alisema.

"Tutashirikiana. Nguo zetu zikichanganyika, yangu ni ile yenye tumbo."

Kijana alicheka. Hakuwa amecheka na mtu wa nje siku nyingi sana, na kicheko kilipita penye pengo la jino kikatoa mluzi, akashangaa, akacheka tena ili ausikie. Mama Dobi alishona. Uzi ulimsumbua kuuona, akalazimika kufuta macho ili aendelee.

Sasa yupo nyumbani, na kila mwezi hurudi geti la kijani kuchomwa sindano, akisindikizwa na yeyote mwenye nafasi, hata Bi Redio, ambaye hutangaza tarehe ili mtu asisahau. Alama bado anashona yeye. Vidole viwili havikunji vizuri, mishono inakwenda upande, na kuna wateja wanaofungua kola ili waione. Shuka siku hizi huanikwa kwenye kamba moja. Upande wa pili uko wazi, na asubuhi anapotembea, mikono nyuma, wapita njia wanamwona na yeye anawaona.

"Ng'ambo!" walimwita siku ya kwanza, kwa uoga kidogo, kutoka barabarani. "Umerudi lini?"

Alisimama, akalifikiria swali kwa haki, kwa sababu yeye hulifikiria kila swali.

"Sikwenda," alisema. "Karibuni."